Pima Kwanza Kabla ya Kununua Betri Nyingine
Wenye magari ya spoti ya zamani, ambayo hapa Dodoma mara nyingi hukaa wiki nzima chini ya turubai yakisubiri Jumamosi, hukimbilia kununua betri mpya gari linapokataa kuwaka, ilhali huenda betri ni nzima na kuna kifaa kinachonyonya umeme usiku kucha. Chaji betri hadi ifike takriban volti 12.6, zima kila kitu, kisha fungua waya wa hasi na uunganishe multimita (kipimo cha umeme), ikiwa kwenye tundu la ampea 10, kati ya waya huo na nguzo ya hasi ya betri. Usiwashe injini mita ikiwa hapo, kwa kuwa fyuzi yake itaungua. Betri ikiwa ndani ya buti, kama ilivyo kwa Mazda MX-5 za miaka ya 1990, funga komeo la buti kwa bisibisi ili taa yake izimike. La sivyo utaipima taa uliyoiwasha mwenyewe. Subiri nusu saa hivi, kisha usome. Chini ya miliampea 50 hakuna shida. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke ghafla. Mimi ningeanza na redio na alamu zilizofungwa baadaye, ambazo mafundi wengi huziunga ovyo. Namba isiposhuka kabisa, tenganisha betri, fungua waya mnene wa alteneta (jenereta inayochaji betri) na upime tena, maana diodi yake (kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyokufa huvujisha umeme bila kupitia fyuzi hizo ndogo.