Namna ya kumtumia mkalimani kiziwi mahakamani

Kiziwi anapofika katika mahakama ya Kenya huitiwa mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, lakini mkalimani huyo peke yake hatoshi iwapo mhusika hakusoma shule ya viziwi na anatumia ishara zilizobuniwa nyumbani kwao. Kwa kuwa watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wapo watu wazima ambao hawajawahi kuishi na viziwi wenzao. Mtu kama huyo anahitaji pia mkalimani ambaye mwenyewe ni kiziwi: mkalimani anayesikia hugeuza maneno ya hakimu kuwa Lugha ya Ishara, naye mkalimani kiziwi huyafikisha kwa ishara za mhusika, kwa maigizo au kwa michoro, kisha jibu hurudi kwa njia ileile.

Wasilisha ombi mapema, ukitaja Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, na Ibara ya 50 inayompa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Panga wakalimani wakutane na mhusika kabla ya kesi, wajifunze ishara zake bila kuugusa ushahidi. Naamini hakuna hatua yenye manufaa kuliko hii. Jamaa wanaweza kueleza maana ya ishara za nyumbani, lakini wasikalimani, kwa sababu huenda wana maslahi yao, na katika mashauri ya unyanyasaji huenda jamaa ndiye anayeogopwa.

Wakalimani wote wawili waapishwe. Mkalimani kiziwi amkabili mhusika, na mwenzake akae anapoonekana vizuri, pasipo dirisha lenye mwanga mkali nyuma yake. Mwulize mhusika moja kwa moja, swali moja kwa wakati mmoja, tena lisilo na ukanushi ndani yake. Akiitikia kwa kichwa usihesabu kwamba amekubali, maana viziwi wengi wamezoea kuitikia ili tu wasisumbuliwe. Mwombe aeleze mwenyewe alichokielewa.

Omba pia ishara zirekodiwe kwa video. Kumbukumbu ya maandishi hubeba maneno ya mkalimani tu, na shaka ikizuka wakati wa rufaa hakuna atakayeweza kurudi kuangalia kile ambacho kiziwi mwenyewe alikisema.