SOMO: Kuiandaa balkoni ndogo ya fleti kabla wanunuzi hawajaja kuona

Wakuu, salaam.

Wiki hii nimejibu inbox nane, zote swali lilelile: "Nauza fleti, balkoni yangu ni kama kabati, niweke nini?" Ya tisa sijibu. Naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena namtumia uzi huu.

Kwanza swali lenyewe limekaa vibaya. Mnauliza muweke nini wakati kazi kubwa ni kutoa. Mtu akiingia kwenye balkoni ya mita moja na robo kwa mbili na nusu hatafuti bustani. Anajiuliza: nikitoka hapa na kikombe changu nitakaa wapi, na magoti yatapita?

Hatua ya 1. Toa kila kitu. Ndiyo, na baiskeli. Na kamba ya nguo, ndoo, na lile boksi la TV mnalolitunza tangu TV yenyewe ikiwa mpya.

Hatua ya 2. Osha kuanzia juu kushuka chini: dari, kuta, reli, kioo pande zote mbili, sakafu mwisho. Maji tumia kidogo kidogo, chini yako kuna mtu anaishi. Kinyesi cha njiwa kilichokauka usikikwangue kikavu. Vumbi lake huweza kubeba fangasi wanaoingia mapafuni. Kilowanishe kwanza, vaa barakoa na glavu. Na dawa yenye klorini usiichanganye na siki wala dawa yenye amonia, utatengeneza gesi ya sumu ukiwa umesimama katikati yake.

Hatua ya 3. Soma kanuni za jengo. Majengo mengi hayaruhusu vyungu vya kuning'iniza nje ya reli, wala jiko la mkaa.

Hatua ya 4. Sakafu na tundu la maji. Hapa someni taratibu.

Fleti ya kwanza niliyouza mwenyewe, sakafu ya balkoni ilikuwa na madoa. Nikanunua zulia la nyasi bandia, nikalikata kwa mkasi likaenea ukuta hadi ukuta, kona zote zimekaa kama limezaliwa pale. Kingo nikazibana kwa gundi ya pande mbili. Nikapiga picha, nikajisifu. Usiku wa kuamkia siku ya wateja mvua ikanyesha. Tundu la maji liko konani, chini ya zulia, na gundi yangu imekatiza njia yake. Maji yakajaa, yakatafuta pa kutokea, yakapapata: reli ya mlango wa kuburuza. Asubuhi navuta pazia, mbao za sakafu ya sebuleni zimeshaanza kuvimba kwenye maungio, na mteja wa kwanza yuko njiani. Alipofika akatoka balkoni, akakanyaga zulia lililolowa chepechepe. Akatazama kiatu chake. Akanitazama mimi. Hata bei hakuuliza.

Kwa hiyo: fungua kifuniko cha tundu, toa majani na nywele (zitakuwepo). Kisha mwaga lita 10 za maji polepole kwenye kona iliyo mbali na tundu, usimame uangalie yanakwenda wapi. Yakienda tunduni, endelea. Yakienda mlangoni, acha mapambo yote, ita fundi.

Ukitaka kufunika sakafu, tafuta vigae vya mbao vya kupachika, vile vyenye miguu ya plastiki chini ili maji yapite. Kigae cha juu ya tundu kiwe kinanyanyuka kwa mkono. Angalia visizidi kizingiti cha mlango. Na kumbuka, ukiinua sakafu umeishusha reli ya ukingoni. Kama reli tayari ni fupi, viache.

Tahadhari nyingine: usifunike ufa. Zege likitoa madoa ya kutu, maana yake nondo za ndani zinaliwa, na kutu inavyovimba ndiyo inayopasua zege. Mwambie mnunuzi. Mkaguzi wake atanyanyua hivyo vigae, na hapo hatakuamini hata kuhusu jikoni.

Hatua ya 5. Viti viwili vya kukunja na meza ya duara isiyozidi sentimita 60. Chora kwanza umbo lake sakafuni kwa maski tepu, ukae, usimame, ufungue mlango wote. Pakibana, kiti kimoja na stuli.

Hatua ya 6. Mimea mitatu, si kumi na mitatu. Mmoja mrefu konani, miwili mifupi.

Hatua ya 7. Rudi ndani ukae kwenye sofa. Balkoni ndogo huonwa zaidi kutoka sebuleni kuliko ukiwa ndani yake, na watu hawafanyi hili hata siku moja. Ukikaa pale, je, unaona mgongo wa kiti? Kizungushe kidogo ubavu, kikalio kikuelekee. Kiti kilichokupa mgongo kinaziba njia. Kilichokuelekea kinakwambia karibu. Mapazia yavutwe hadi mwisho, kioo chote kionekane.

Hatua ya 8. Picha piga kwa lenzi ya kawaida ya simu. Ile inayotanua inageuza balkoni kuwa uwanja, mtu akifika anajiona katapeliwa.

Maswali karibuni.

Mtu wa Ghorofani: Somo zuri mkuu. Vipi zulia la nyasi bandia, linafaa?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Mtu wa Ghorofani: Nimesoma, ila langu lina vitundu kwa chini.

Mwandishi: Langu pia lilikuwa navyo. Kingo zikibanwa na tundu likifunikwa, vitundu vya zulia havikusaidii. Likate liishie mbali na kuta na tundu libaki wazi, au liache.

Kidevu: Makelele tu haya. Mtu ananunua nyumba, hanunui balkoni.

Mwandishi: Sawa mkuu. Acha boksi la TV hapohapo.

Bi Kivuli: Ndugu, balkoni yangu inatazamana na dirisha la jikoni la jirani, tunaonana mpaka sufuria. Nikiziba kote patakuwa giza. Nifanyeje?

Mwandishi: Dada, hili ni swali. Usizibe kote. Kaa kwenye kiti atakachokaa mnunuzi, mwambie mtu asogeze ufagio kwenye reli mpaka fimbo yake ikate mstari kati ya jicho lako na lile dirisha. Hapo tu ndipo pa kuweka mmea mrefu au kipande chembamba cha mwanzi. Juu na pembeni acha mwanga uingie. Mwanzi ufunge sehemu nyingi, upepo ukiukamata unakuwa tanga la jahazi. Na ujaribu kuugeuza mstari huo: viti vikitazama upande badala ya mbele, jirani anakuwa ubavuni.

Bi Kivuli: Ufagio! Nimejaribu sasa hivi, kumbe mmea mmoja unatosha. Chungu kikubwa hakitaleta shida ya uzito?

Mwandishi: Lita moja ya maji ni kilo moja, na udongo wa bustani ulioloa ni mzito kuliko maji. Chungu cha lita 50 hapo si cha kubeba peke yako. Chukua cha plastiki, udongo mwepesi wa vyungu, ukiweke karibu na ukuta wa nyumba, si kwenye ncha. Kisahani cha chini mwaga maji yake, mbu hawachelewi.

Fundi Kimya: Nyongeza: mlango wa kuburuza ukikwama mbele ya mteja, yote hayo bure. Safisha reli yake kwa mswaki wa zamani, vuta vumbi, kisha pitisha mshumaa mkavu. Usiweke mafuta ya kula, yanakusanya uchafu.

Mwandishi: Hii sikuiandika na ilipaswa kuwepo. Asante fundi.

Zuzu1: Kompresa ya AC naweza kuijengea kabati isionekane?

Mwandishi: Hapana. Inatoa joto, ukiifungia inafanya kazi mara mbili. Ifute vumbi, bomba lake la maji lielekeze tunduni.

Mtu wa Ghorofani: Mkuu, nimemwaga zile lita 10. Yameenda mlangoni.

Mwandishi: Pole sana, lakini afadhali leo kuliko siku ya wateja. Kabla hayajakauka, chora ukingo wa dimbwi kwa chaki na upige picha. Fundi akija mvua ikiwa imekatika, ataona mteremko umeharibikia wapi bila kubahatisha. Viti subiri kwanza.