Jinsi ya Kumtambua Mmiliki wa Jina la Kikoa

Andika jina la kikoa (yaani anwani ya tovuti, kama mfano.com) peke yake, bila "https" wala "www", katika ukurasa wa lookup.icann.org; lakini ikiwa linaishia na .ke, tafuta kwa KeNIC, ambayo ndiyo inayotunza daftari la majina ya Kenya. Soma matokeo kwa makini, kwa sababu "Registrar" ni kampuni iliyolisajili jina, ilhali "Registrant" ndiye mwenyewe, na wengi huchanganya maneno haya wakamlaumu asiyehusika.

Tangu Mei 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data ilipoanza kutumika, jina la mtu binafsi mara nyingi hufichwa na kuwekwa neno "REDACTED". Hata hivyo tarehe ya usajili hubaki wazi, nayo kwangu ina thamani kubwa: duka linalodai uzoefu wa miaka 10 huku kikoa chake kikiwa na wiki 3 tu halistahili kutumiwa fedha kabla ya kuchunguzwa zaidi.

Ukihitaji kumfikia mmiliki aliyefichwa, tumia fomu ya msajili ("Registrar") inayompelekea ujumbe. Ikiwa umetapeliwa, iandikie anwani ya malalamiko iliyo katika matokeo hayo, ukiambatanisha picha za skrini na anwani kamili ya ukurasa.