Kuchomelea aloi ya 625 kwa elektrodi ya ENiCrMo-3

Fundi aliyezoea chuma cheusi (chuma cha kawaida cha kaboni) akishika elektrodi ya nikeli kwa mara ya kwanza hukuta dimbwi zito la chuma kilichoyeyuka, halitiririki, halichimbi. Mkono unakimbilia kuongeza ampea. Usiongeze: elektrodi itawiva nyekundu, ganda la dawa linaloizunguka litabanduka na mshono utapasuka. Nikeli ndivyo ilivyo. Panua mfereji kati ya mabamba, kisha chuma ukipeleke wewe mwenyewe pale unapotaka kikae.

Tuchukue mabamba mawili ya aloi ya 625, yaani nikeli iliyochanganywa na kromiamu na molibdeni, unene mm 10, yamelazwa chini, na elektrodi za mm 3.2 za ENiCrMo-3, ambazo ni za aloi ya aina hiyohiyo.

Hatua ya 1. Kata V yenye nyuzi 70 hadi 80 kwa jumla. Kwa chuma cheusi 60 zingetosha. Ncha ya chini ibaki na unene wa mm 1.5, na mwanya kati ya mabamba uwe mm 2.5.

Hatua ya 2. Safisha. Kazi nyingi huharibikia hapa, moto haujawashwa bado. Salfa, risasi na fosforasi hukaa kwenye grisi, rangi, mafuta ya kukatia, hata kwenye kalamu za kuwekea alama, nazo zikiingia kwenye nikeli iliyo moto huifanya ipasuke. Futa kwa asetoni na kitambaa safi, mm 50 kila upande, juu na chini, uache ikauke kabisa. Ndipo uchukue grinda. Ukisaga kabla ya kufuta, unaikandamizia grisi ndani. Diski iwe mpya, isiyowahi kugusa chuma cheusi. Saga mpaka ile ngozi nyeusi ya oksidi iishe, kwa sababu oksidi ya nikeli huyeyuka juu ya 1,900 °C ilhali aloi yenyewe huanza kuyeyuka karibu na 1,290 °C, hivyo ngozi iliyobaki hunasa ndani ya mshono ikiwa vipande vigumu. Brashi ya waya huing'arisha tu, haiiondoi.

Hatua ya 3. Elektrodi zilizokaa nje ya pakiti zikaushe kwenye oveni kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi kati ya 250 na 300 °C. Unyevu huzaa vitundu.

Hatua ya 4. Mashine iwe ya DC (umeme usiobadili mwelekeo), elektrodi kwenye chanya. Jaribu ampea 85 kwenye kipande chakavu cha aloi hiyohiyo, urekebishe kati ya 70 na 110. Bamba halihitaji kupashwa moto. Likiwa na umande, likaushe tu.

Hatua ya 5. Washa moto mm 10 mbele ya mwanzo wa mshono, urudi nyuma hadi mwanzo, kisha usonge mbele ukipita juu ya alama ya kuwashia. Vitundu vya mwanzoni vinayeyushwa upya. Moto uwe mfupi, usizidi unene wa waya wa ndani ya elektrodi. Ukichezesha mkono, upana usizidi mm 8, na utue kidogo kila ukingo. Mshono uvimbe kidogo juu. Ukiwa bapa au wenye bonde, hupasuka katikati. Mwishoni usichomoe ghafla: fupisha moto, rudi nyuma kidogo mpaka shimo lijae.

Moshi wake una kromiamu na nikeli, vitu vinavyoleta saratani. Weka kifyonza moshi karibu na mshono na uvae kinyago chenye kichujio cha P3, kinachozuia chembe laini kabisa.

Hatua ya 6. Gonga slagi yote (dawa iliyoganda juu ya mshono), piga brashi ya stenlesi, saga kingo na kila shimo la mwisho. Slagi iliyobaki hula aloi pindi kifaa kikifanya kazi kwenye joto kali. Subiri bamba lishuke chini ya 150 °C kabla ya mshono unaofuata.

Hatua ya 7. Mfereji ukijaa, geuza bamba, saga mgongo hadi chuma kizima na upitishe mshono mmoja. Likipoa, kagua kwa dawa nyekundu ya kupenya, ile inayoingia kwenye nyufa na kuzionyesha, ukianzia kwenye mashimo ya mwisho. Ufa ukionekana, usiufunike kwa mshono mwingine. Saga mpaka uishe, kagua tena kwa dawa, ifute yote kwa asetoni, ndipo uchomelee upya.