Kuangusha ganshipu kwa RPG kwenye gemu ya Half-Life 2

Jumamosi dogo mmoja alikuja kucheza kwangu hapa Mwanjelwa. Saa nzima anarusha roketi, ganshipu, ile ndege ya kivita ya adui, bado iko juu inamnyeshea risasi. Sura hiyo ya gemu, Highway 17, niliwahi kuikeshea mwenyewe, kwa hiyo nikavuta kiti nikae naye.

1. Pokea RPG, yaani kirusha roketi, kwa Kanali Odessa Cubbage, kiongozi wa waasi pale kijijini, halafu bonyeza F6 kusevu. Huku Mbeya umeme hauagi.

2. Pedi weka pembeni, shika mausi. Kwa silaha hii sina mjadala.

3. Toka nje. Bunduki sahau, ganshipu inaumizwa na milipuko tu.

4. Hapa ndipo usiku wangu ulipoishia. Roketi haiendi ulikolenga wakati wa kufyatua. Inafuata nukta nyekundu ya leza mpaka ilipuke. Dogo alikuwa anaweka nukta katikati ya tumbo la ganshipu, anafyatua, anasubiri. Ganshipu inaiona roketi ikija moja kwa moja, inaitungua njiani. Wewe fyatua pembeni, angani patupu. Nukta iache huko huko mpaka roketi ikaribie usawa wa ganshipu, kisha iburute polepole hadi ubavuni. Roketi itakata kona na kuingia. Ukiburuta kwa pupa inapitiliza, inaanza kuzunguka hovyo. Wapo wanaochora duara kwa nukta ili roketi iende ikipinda. Inafanya kazi, ila mkono unachoka mapema na mimi nabaki na njia ya ubavuni.

Kingine: usijifiche kabla haijalipuka. Ukirudi nyuma ya mlango, nukta inaangukia kwenye fremu mbele ya pua yako, na roketi inageuka kuifuata. Dogo alikufa hivyo mara mbili nikimwangalia. Na ya pili haitoki mpaka ya kwanza ilipuke, kwa hiyo kubonyeza bonyeza hakusaidii.

5. Unabeba roketi 3 tu. Ukicheza kiwango cha kawaida ganshipu inataka 5 ziingie, kigumu 7, rahisi 3. Sanduku la roketi lipo hapo hapo kijijini na halikauki. Kimbia ujaze, rudi.

Roketi ya tano dogo aliipitisha mbali kabisa, nikadhani imepotea. Akavuta mausi taratibu, kidole kidogo kimeinuka juu ya meza, ikakata kona. "Kaka, imeingia!"