Kitambaa cha kijani: taa kwanza, programu baadaye

Umemrekodi mtu mbele ya kitambaa cha kijani ili programu ya kuhariri video iondoe kijani hicho na kuweka mandhari nyingine. Nywele zikimegeka na mabega yakiwa na ukingo wa kijani, usikimbilie kubadilisha programu. Mara nyingi kosa lilitokea wakati wa kupanga taa. Programu inatafuta rangi moja ya kuondoa. Ukiipa kijani kilichokoza huku na kilichopauka kule, itabakiza madoa au itakula na nywele.

Nunua kitambaa kizito cha pamba kisichong'aa, upana mita 3. Satini iache, inaakisi taa. Pitisha bomba la plastiki kwenye pindo la juu na jingine chini liwe uzito, kisha vuta pembeni kwa vibanio. Mkunjo una upande wa mwanga na upande wa kivuli, kwa hiyo pitisha pasi ya mvuke kitambaa kikiwa kimeshatundikwa.

Taa za kitambaa ziwe mbili zinazofanana, zenye kitambaa chepesi cheupe mbele cha kulainisha mwanga, moja kila upande, kama mita 1.5 kutoka kwenye kitambaa cha kijani. Hapa ndipo wengi wanapokosea: taa ya kushoto wanaielekeza nusu ya kushoto. Ielekeze ukingo wa kulia, na ya kulia ielekee ukingo wa kushoto. Mwanga hufifia kadiri unavyokwenda mbali. Zikipishana hivyo, panapofifia moja nyingine inajazia. Piga picha kwa simu, igeuze nyeusi na nyeupe: kitambaa kizima kionekane kijivu kimoja. Kwenye histogramu ya kijani (grafu inayoonyesha ni sehemu kiasi gani ya picha iko katika kila kiwango cha mwanga) unataka mnara mwembamba. Ukiona kilima kipana, sogeza taa.

Usikimulike kitambaa kupita kiasi. Kiwe sawa na uso wa mhusika au chini yake kwa nusu stopu (kushuka stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu). Kikizidi, rangi inapauka na kijani kinarukia watu.

Mhusika asimame angalau mita 2 mbele ya kitambaa, awe na taa yake ya uso, na nyingine ndogo nyuma juu kwa ajili ya nywele na mabega. Chumba kikiwa kifupi, funika kwa kitambaa cheusi sehemu zote za kijani zisizoingia kwenye fremu. Kijani kinachohitajika ni kile kinachomzunguka mtu tu. Kilichobaki kazi yake ni kumpaka rangi shingoni na kwenye miwani. Na kama mgeni wako ni shabiki wa Yanga au Gor Mahia aliyekataa kuvua jezi ya kijani, tundika kitambaa cha bluu.

Kwenye kamera, zuia isibadilishe yenyewe kiwango cha mwanga, fokasi (ukali wa picha) na mizani ya weupe (jinsi kamera inavyosawazisha rangi ili nyeupe ionekane nyeupe). Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo rekodi fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50 ili taa zisipepese. Mikono ikikimbia na kuacha ukungu, nenda 1/100 na uongeze taa, usipandishe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), maana huleta chengachenga zinazoharibu kingo. Simu nyingi hupunguza taarifa za rangi hadi robo ya zile za mwanga. Ukirekodi 4K na kutoa video ya 1080, yaani nusu ya upana na nusu ya kimo, kingo zinarudi kuwa safi.

Kabla mhusika hajaingia, rekodi sekunde 5 za kitambaa kitupu, kamera ikiwa haijasogezwa. Baadhi ya programu hulinganisha picha hiyo na ya mtu ili kusawazisha tofauti ndogo za mwanga zilizobaki.