Namna ya Kuchunguza Chungu cha Wapueblo Kabla ya Kukinunua

Anayetaka kununua chungu cha Wapueblo, wenyeji wa asili wa New Mexico na Arizona nchini Marekani, ajifunze kwanza jinsi kinavyofinyangwa. Kila hatua ya kazi ya mkono huacha alama, na alama hizo ndizo zitakazomwonyesha kama chungu kimefinyangwa kweli, au kimemiminwa katika kalibu kiwandani kisha kikapakwa rangi.

Anza kwa kutazama ndani. Mfinyanzi wa jadi hatumii gurudumu. Huviringisha udongo kuwa misokoto mirefu, akaipandisha mmoja juu ya mwingine, kisha akasawazisha kuta kwa vipande vya kibuyu. Kwa hiyo pitisha vidole taratibu, baada ya kuomba ruhusa, na utahisi mabonde madogo na unene unaobadilika kidogo. Kuta zenye unene uleule kila mahali zikupe shaka, ingawa mafundi wa kijiji cha Acoma hufinyanga kuta nyembamba mno kwa udongo uliochanganywa na vigae vya zamani vilivyosagwa, na wembamba huo ni sifa yao.

Kisha geuza chungu kwenye mwanga unaotoka upande. Kwa vyungu vyeusi vya vijiji vya San Ildefonso na Santa Clara, hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mng'ao wake hautokani na rangi ya kioo, yaani mpako unaoyeyuka motoni ukawa kama kioo: chungu hupakwa uji wa udongo wenye madini ya chuma, na kabla haujakauka husuguliwa kwa jiwe laini hadi kimetamete. Weusi huja motoni, pale samadi ya farasi iliyosagwa inapomwagwa juu ya moto ili kuzuia oksijeni. Moto huohuo ukiachwa upate hewa, chungu hutoka chekundu. Wafinyanzi Maria Martinez na mumewe Julian, wa San Ildefonso, walibuni takriban mwaka 1919 mtindo wa mapambo meusi yasiyong'aa juu ya weusi unaong'aa. Maria alifinyanga na kung'arisha, Julian akachora, na ndiyo maana vyungu vingi vyao vina saini ya majina yote mawili. Ukitazama vizuri utaona miguso ya jiwe kama mistari hafifu sana, jambo ambalo rangi ya kupuliziwa haiwezi kuiga.

Usipime kila kijiji kwa kipimo kimoja. Vyungu vya Taos na Picuris humetameta kwa chembe za maika, madini yanayong'aa, na hutumika kupikia, wakati vya Wahopi, Wapueblo wa Arizona, huwa na mawingu ya rangi ya malai na chungwa yaliyoachwa na moto wa nje, katika mkondo uliohuishwa na mfinyanzi Nampeyo, ambaye alifuata michoro ya vigae vya kale vya Sikyatki, kijiji cha Wahopi kilichobaki magofu. Mawingu hayo si kasoro, na mimi huyapenda kuliko usawa wowote.

Muulize muuzaji jina la msanii, kijiji chake, na kama chungu kilichomwa kwa moto wa nje au kwa tanuri la umeme. Tanuri si udanganyifu iwapo limetajwa. Kulificha ndiko kubaya. Taka majibu hayo yaandikwe kwenye stakabadhi, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inakataza kuuza kitu kwa madai ya uongo kwamba kimetengenezwa na wenyeji wa asili wa Marekani. Ukiweza, nunua kutoka kwa msanii mwenyewe, kwa mfano katika soko la sanaa za wenyeji hao mjini Santa Fe, New Mexico, linalofanyika kila Agosti, na usimshinikize apunguze bei, maana amechimba udongo, ameupepeta, ameukanda na kuubebea hatari ya kupasuka motoni.

Ukikifikisha nyumbani, kiinue kwa mikono miwili kutoka chini, wala si kwa kushika ukingo. Usikitie maji wala maua mabichi, kwani udongo usio na mpako wa kioo hunyonya unyevu na mng'ao huharibika. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu na laini.